Juu ya Pikapu na Ukingo wa Njia

Mwezi huu tumependa kunena nanyi habari ya jambo dogo, ambalo pengine mtu atacheka akiona limeandikwa katika gazeti la jamaa za nyumbani: habari ya pikapu zipandazo juu ya kingo za njia katika viwanja vyembamba vya kuegeshea magari. Walakini mambo madogo yatendwayo kila siku ndiyo yamfanyayo mtu kuwa alivyo, na vijana wetu wengi leo hushika usukani kabla hawajashika nyumba. Basi si vibaya tukikaa kitako kidogo, tulitazame jambo hili lina nini ndani yake.

Kila aendaye mjini amekwisha kuliona. Pikapu imeingia sokoni, au katika ua wa hospitali, au mbele ya benki. Nafasi ni finyu, magari yamebanana hata milango haifunguki sawasawa. Dereva ajaribu mara moja kugeuka, usukani wamfikia mwisho, gari halijageuka. Ndipo asikiapo sauti ya mtu kando yake: “Panda tu! Si pikapu hiyo?” Naye hukanyaga mafuta, gurudumu hupanda juu ya mawe, gari huinama upande mmoja kama mashua ipigwayo na wimbi, kisha hushuka kwa kishindo na kwenda zake. Watu hucheka, kazi imekwisha.

Neno letu lote la leo limo ndani ya swali lile, “Si pikapu hiyo?” Maana yake ni kwamba chombo kiwezacho kutenda jambo kimekwisha kupata ruhusa ya kulitenda. Sisi twasema sivyo. Kuweza ni habari ya chombo. Ruhusa ni habari ya watu.

Kwanza na tujue ukingo ni nini. Ni mstari wa mawe au wa saruji uliowekwa kati ya njia ya magari na njia ya waendao kwa miguu. Kimo chake katika miji mingi ya dunia ni kadiri ya sentimita 15, haupati shibiri moja ya mtu mzima. Kazi zake ni nyingi: huyaongoza maji ya mvua mferejini, huzuia lami isimeguke kando, na humwonyesha dereva mwisho wa mahali pake. Wala si jambo jipya. Mji wa Pompeii katika nchi ya Italia ulifunikwa na majivu ya mlima wa moto uitwao Vesuvius katika mwaka wa 79. Wachimbaji walipoufukua walikuta njia za miguu zilizoinuliwa kando ya barabara, na mawe makubwa yaliyopangwa katikati ili watu wavuke bila kukanyaga maji na uchafu, nayo yameachiwa nafasi ili magurudumu ya magari ya wanyama yapite. Hata leo mitaro iliyochimbwa na magurudumu yale yaonekana juu ya mawe. Watu wale wa kale walikuwa wamekwisha kujua kwamba gurudumu na mguu vikishirikiana njia moja, kimoja kitaumia, na kitakachoumia ni mguu.

Tazameni basi: sentimita 15 si ukuta. Gari lenye nguvu haliwezi kuzuiwa na mawe mafupi kama hayo. Ukingo ni neno tu, lililosemwa kwa mawe: “Hapa ndipo mwisho wako.” Na mtu aendaye kwa miguu huliamini neno hilo. Mama huweka kapu lake chini apumzike. Mtoto huachiliwa mkono. Mzee husimama avute pumzi. Hao hawatazami nyuma yao kila mara, kwa kuwa wameambiwa kwamba mahali hapa ni pao.

Na pikapu nayo ni nini? Kampuni ya Ford huko Marekani ilianza mwaka 1925 kuuza pikapu iliyotoka tayari kiwandani. Ilikuwa ni gari lake la Model T lililotiwa sanduku la mizigo nyuma, na bei yake ilikuwa dola 281. Kabla ya hapo wakulima wengi walikuwa wakikata magari yao wenyewe na kuyatia sanduku la mbao. Lilikuwa gari la mashambani, la kubeba magunia na mitungi ya maziwa, na njia zake zilikuwa za matope na mashimo. Model T ile, kutoka ekseli ya mbele hata ya nyuma, ilikuwa sentimita 254. Wajapani walianza kuuza Toyota Hilux mwaka 1968, nayo ndiyo ijulikanayo sana katika nchi zetu. Lakini pikapu zimekua. Hilux ya milango minne, ya namna iliyotoka mwaka 2015, ina urefu wa mita 5.3, na ekseli zake zimeachana sentimita 308 na nusu. Zile kubwa za Marekani, kama Ford F-150 ya milango minne, ekseli zake zaachana zaidi ya sentimita 360. Viwanja vya kuegeshea havikukua pamoja nazo. Uingereza, kwa mfano, nafasi ya gari moja kwa desturi ni mita 2.4 kwa 4.8, basi Hilux ikiingia humo, nusu mita ya mwili wake hubaki nje.

Tena tumbo la pikapu ya kwenda mashambani liko juu ya ardhi kwa zaidi ya sentimita 20, hata ukingo hupita chini yake bila kuligusa. Gari dogo la chini likijaribu hivyo hupigwa tumboni, na dereva wake hujifunza siku ile ile. Kwa hiyo gari dogo hulindwa na udhaifu wake. Pikapu haina mlinzi ila dereva.

Walakini si kila dereva apandaye ukingo amekusudia. Wengi hupanda kwa gurudumu la nyuma, nao hushangaa, kwa maana la mbele lilipita salama. Sababu yake hata mtoto aweza kuiona. Baada ya mvua, mtu apitapo kwa baiskeli katika kiwanja chenye udongo laini na kugeuka, huacha alama mbili, si moja. Gurudumu la nyuma halifuati alama ya la mbele, hukata ndani. Kadiri magurudumu mawili yaachanavyo, ndivyo la nyuma likatavyo ndani zaidi. Gari ni vivyo hivyo.

Walimu wapendao hesabu waweza kuwapa watoto hesabu hii. Ikiwa gurudumu la mbele la upande wa nje laandika duara ambayo kutoka katikati hata ukingoni ni mita 6.4, na ekseli zimeachana mita 3.085, basi toa mraba wa 3.085 katika mraba wa 6.4, kisha utafute kipeo chake. Jibu ni kadiri ya mita 5.61. Maana yake gurudumu la nyuma la upande ule hukata ndani kwa sentimita 79. Tukichukua gari dogo lenye ekseli zilizoachana mita 2.5, likaandika duara hiyo hiyo, litakata ndani kwa sentimita 51 tu. Basi mtu aliyezoea gari dogo, akiketi katika pikapu na kugeuka kama alivyozoea, gurudumu lake la nyuma litakwenda zaidi ya robo mita upande wa ndani, mahali ambapo moyo wake haupo. Na mahali pale huenda pana ukingo, au ndoo ya mtu, au mguu wa mtu.

Na gari lenyewe, je, halidhuriki? Hudhurika, lakini kwa siri. Tairi la siku hizi lina nyuzi ngumu zilizofichwa ndani ya mpira wa ubavu wake. Likigongwa kwa nguvu juu ya ukingo, mpira hubanwa kati ya jiwe na rimu ya chuma, na nyuzi hukatika ndani. Nje hapaonekani kitu. Baadaye hewa husukuma mahali pale palipodhoofika, na uvimbe hutokea ubavuni kama jipu. Tairi la namna hiyo haliponi kwa kuzibwa. Hapana dawa ila kulitoa na kutia jingine.

Katika nchi yetu palikuwa na pikapu moja iliyonunuliwa na wakulima wachache kwa kuchangiana. Dereva wao alikuwa kijana mwema, si mlevi. Siku moja mjini alipanda ukingo kwa haraka, akasikia pigo. Aliposhuka aliona tairi zima, akanyamaza. Baada ya siku chache aliuona uvimbe, akanyamaza tena, kwa sababu alijua wenye gari watakata bei ya tairi katika mshahara wake, na mkewe alikuwa karibu kujifungua. Siku ya soko tairi lile lilipasuka katika mteremko, gari likiwa na makasha ya nyanya, na watu wamekaa juu ya makasha, jambo lisilofaa hata kidogo. Hakufa mtu. Msichana mmoja alivunjika mkono, nao haukunyoka vema hata leo. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, wakamlaumu kijana. Lawama ile ilikuwa haki, lakini haikuwa haki yote. Mwenye gari amtozaye dereva fedha kwa kusema kweli anamfundisha kuficha. Ninyi mlio na magari, fikirini hayo: tairi moja ni ghali, lakini ni rahisi kuliko mkono wa mtoto.

Sasa tutawasimulia jambo tuliloliona kwa macho yetu. Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, tulimpeleka mama yetu mzazi hospitali ya mjini atolewe mtoto wa jicho. Aliyetuendesha ni mpwa wetu, mwana wa dada yetu, kwa pikapu ya kuazima. Tulipotoka mama alikuwa amefungwa jicho moja, amechoka, na mganga alikuwa amemwagiza akapumzike. Wingu zito lilikuwa limekwisha kusimama upande wa milimani. Nasi tulijua kwamba mvua ikinyesha kule, mto ulio katikati ya njia yetu hujaa, na daraja lake la chini halipitiki mpaka kesho yake.

Tulikuta gari jingine limesimamishwa nyuma yetu, limetufungia njia, na mwenyewe hayupo. Kushoto palikuwa na ukuta, kulia magari. Mbele yetu palikuwa na ukingo, na juu ya ukingo njia ya miguu iliyo chini ya kivuli cha baraza. Hapo walikaa wanawake wanne waliokuja kuwauguza jamaa zao, na vikapu vyao vya chakula, na mtoto mmoja amelala juu ya khanga. Ng'ambo ya baraza palikuwa na lango, wazi kabisa.

Mtu mmoja aliyekuwa akiuza maji akatuambia, “Kijana, panda upite hapo. Hao watainuka.” Mpwa wetu akatutazama akasema, “Mjomba, gari laweza. Nipande?” Naye alikuwa amekwisha kuwasha mtambo.

Moyo wetu uligawanyika. Mama yetu alikuwa ameegemea dirisha, amefumba lile jicho lake jingine. Heshima ya mama si neno la kuchezea, na saa ya mto ilikuwa ikipita. Tukashuka tutazame. Tulipofika mbele ya gari tuliwaona wale wanawake wameanza kukusanya vikapu vyao. Hakuna aliyewaambia neno. Hawakukasirika, wala hawakututazama usoni. Walisikia tu mngurumo, wakaanza kuinuka, kama watu waliofanya hivyo mara nyingi. Na mmoja alikuwa amekwisha kuupitisha mkono chini ya shingo ya yule mtoto aliyelala.

Tukamwambia mpwa wetu, “Zima.” Akazima. Tukawaambia wale akina mama, “Kaeni, mama zetu, hatupandi.” Nao hawakuketi mara moja. Walisimama na vikapu mikononi, wakilitazama gari, hata kimya kilipokuwa kirefu ndipo walipoketi tena, mmoja mmoja.

Mwenye gari lile alikuja baada ya saa moja na zaidi. Alikuwa amekwenda kwa miguu kutafuta dawa katika maduka ya mjini, nayo alikuwa ameipata katika duka la nne. Alituomba radhi kwa haraka na kuingia ndani na dawa yake, kisha akarudi kulisogeza gari. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamepita juu ya daraja. Tulilala kwa watu tusiowajua, waliotupa chumba chenye bati livujalo. Mama yetu hakutusifu. Alinung'unika juu ya kitanda kile hata tukafika nyumbani kesho yake, na haki ilikuwa yake. Nasi hatuandiki haya ili mtusifu ninyi. Twaandika kwa sababu ya ile haraka ya wale wanawake kuinuka. Hatujaisahau, nayo ndiyo iliyotufanya tulifikiri jambo hili.

Mna mithali yetu isemayo, “Mwenye nguvu mpishe.” Ni mithali ya hekima, lakini tuangalie yaambiwa nani. Yaambiwa aliye dhaifu, ili aiponye roho yake njiani. Haikusemwa kwa mwenye nguvu, kana kwamba ni sheria ya kumpa njia. Mwenye nguvu akiitwaa na kuifanya yake, ameiba dawa ya mgonjwa. Ikiwa wadhaifu wa mji wamekwisha kujifunza kuinuka kabla ya kuambiwa, si dalili ya adabu ya mji, bali ni dalili kwamba neno la ukingo limevunjwa mara nyingi, hata hakuna aliaminiye tena.

Wala tusidhani kwamba huinuka bure. Taasisi ya Marekani iitwayo IIHS, ichunguzayo usalama wa magari, ilieleza mwaka 2023 kwamba magari yenye boneti iliyo juu ya ardhi kwa zaidi ya inchi 40, yaani kadiri ya sentimita 102, yana hatari kama asilimia 45 zaidi ya kumwua mtu wa miguu yamgongapo, kuliko magari ambayo boneti yake haizidi inchi 30, yaani sentimita 76, nayo imeinama mbele. Boneti ndefu humpiga mtu kifuani na kichwani, si miguuni. Tena humficha. Mtoto wa miaka mitatu akisimama karibu mbele ya gari refu, dereva aliyeketi juu haoni hata nywele zake. Nyuma ya gari ni vivyo hivyo. Marekani ilitunga sheria mwaka 2008 kwa ajili ya watoto waliokuwa wakikanyagwa na magari yarudiyo nyuma, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo, pamoja na pikapu za kawaida, hapana budi liwe na kamera ya kumwonyesha dereva yaliyo nyuma yake. Kamera ni msaada mwema, lakini magari mengi ya barabara zetu ni ya zamani, hayana. Na hata lenye kamera haliwezi kuona kwa niaba ya dereva asiyetazama.

Kuna habari nyingine ya kingo itupasayo kuijua. Mtu aendaye kwa kiti cha magurudumu hawezi kupanda hata zile sentimita 15. Kwake yeye ukingo ni ukuta kamili. Kwa ajili ya watu kama hao, mji wa Kalamazoo huko Marekani ulianza katika miaka ya 1940 kushusha kingo mahali pa kuvukia, kwa sababu ya askari waliorudi vitani na viungo vilivyokatika. Mji wa Berkeley ulifanya hivyo mwaka 1972 baada ya wanafunzi wenye ulemavu kudai njia, na sheria ya mwaka 1990 ikaagiza hayo nchini kote. Ukingo uliposhushwa, walionufaika walikuwa wengi kuliko waliotazamiwa: mama mwenye kigari cha mtoto, mchukuzi mwenye rukwama, mzee mwenye mkongojo.

Basi ziko namna mbili za kuuvuka ukingo. Moja ni ya mji kuushusha kwa upole ili asiyeweza apate kupita. Nyingine ni ya mwenye nguvu kuuparamia kwa sababu aweza. Na mara nyingi tumeona zikikutana: mahali pale paliposhushwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, ndipo pikapu ilipoegeshwa, kwa kuwa ni rahisi kupandia. Mwalimu mwenzetu atumiaye kiti kama hicho alituambia kwamba yeye haogopi ngazi, maana ngazi azijua tangu mbali. Aogopacho ni njia iliyokuwa wazi asubuhi na imefungwa jioni.

Mtu aweza kuuliza, je, ukingo usipandwe kamwe? Hapana, ziko saa zake. Nyumba yawaka moto. Mgonjwa hana pumzi. Mti umeanguka na njia nyingine haipo. Saa hizo ukingo hupandwa kwa haki, lakini hata hapo kuna jinsi ya kupanda. Dereva na ashuke kwanza, alizunguke gari lake kwa miguu, atazame na chini yake. Na awaombe watu kwa kinywa, si kwa honi, kwa kuwa honi haiombi. Mtu mmoja asimame aongoze, mahali ambapo dereva amwona muda wote. Gia iwe ya chini kabisa. Gurudumu liukabili ukingo kwa uso wake, lisiukwaruze kwa ubavu. Liliguse jiwe kwanza, kisha lipande polepole kama mzee apandavyo ngazi, na kushuka vivyo hivyo. Likiisha kupita, dereva akague tairi pande zote mbili, ule wa nje na ule wa ndani, na kama jiwe la ukingo limevunjika, akawaambie wenye mahali.

Lakini siku nyingi za maisha si siku za moto. Kwa siku hizo ushauri wetu ni mfupi. Mwenye pikapu na aegeshe mbali, penye nafasi, na atembee. Mita 100 za miguu hazijamwua mtu mzima. Na apendelee kuingia kinyumenyume, maana magurudumu yageuzwayo na usukani yakiwa nyuma ya mwendo, gari refu huingia mahali pembamba kwa urahisi zaidi, na wakati wa kutoka hutoka likitazama mbele. Ageukapo, aende mbele kidogo kuliko ipendavyo haraka yake, ndipo azungushe usukani, ili gurudumu la nyuma lipate nafasi ya kukata ndani. Na akifungiwa njia, amtafute mwenye gari, naye akimpata asianze kwa matusi, kwa kuwa hajui ametoka duka la ngapi.

Nanyi wazazi, kijana wenu ajapo kuwaambia kwamba amejua kuendesha, msimwulize tu kama aweza kwenda mbio au kupanda mlima. Mwulizeni kama aweza kuzima gari na kungoja. Kisha siku moja, mvua ikiisha kukatika, mwiteni nje pamoja na wadogo zake, mmoja apande baiskeli ageuke katika udongo laini, na wote wainame wazitazame zile alama mbili. Ile ya ndani ndiyo isiyoonekana na dereva. Na azoee tangu leo kuuliza ni nani asimamaye juu yake.